Ami wa Kisimani

Wiki tatu zilizopita nilikuwa saluni, hapa Bagamoyo mjini, kichwa kimeinamishwa kati ya magoti ya msusi, nikasikia watoto wawili wakiita, "Ami! Ami!" Sikuinuka mara moja, maana msusi wangu hana mzaha na wateja wanaotikisika. Lakini mwili ulishasisimka kabla sijajua kwa nini. Nilipopata nafasi ya kutazama televisheni ya ukutani nikamwona ni yuleyule, ndevu zake za kijivu na kilemba chake cheupe, amekaa ukingoni mwa kisima kama nilivyomwacha nikiwa na miaka kumi. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa alikuwa akiongea Kiswahili.

Unazijua hizi tamthilia za zamani zinazorudishwa siku hizi, zimetiwa sauti za vijana wetu, Mwarabu wa jangwani anaongea kama mtu wa Magomeni. Hii ya Ami ilitoka Uarabuni, na wakati wa utoto wangu ilikuwa Kiarabu kitupu. Basi pale saluni Ami akainama, akachungulia kisima alimofia mdogo wake, akasema, "Kamba ilikatika. Hakuna aliyeona vinginevyo. Na mali ya watoto hawa iko mkononi mwangu mpaka wakue." Akacheka kidogo, akaondoka zake.

Nilimwambia msusi asite kwanza. Maana katika maneno niliyokulia mimi, Ami hacheki pale. Anakaa kimya, halafu anasema, "Nilimsikia akiniita, nikanyamaza. Nilidhani anatania."

Mwenye saluni ni mama mtu mzima, amekaa Omani miaka mingi na tamthilia hiyo aliitazama huko kwa lugha yake. Nikamuuliza kama walioitia Kiswahili wamebadilisha maneno. Akasema hapana, ndivyo yalivyo. Yule mtu ni mwovu tangu mwanzo mpaka mwisho, alimwacha mdogo wake afe ili atwae shamba la tende, na hakuna aliyeitazama asiyejua hivyo.

Hakuna, isipokuwa kijiji chetu. Sisi tulibishana juu ya mtu huyo mwaka mzima, tukagombana, tukanuniana, na mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia baridi. Nilirudi nyumbani na nusu kichwa hakijasukwa.

Nilikulia Fukayosi, kwa bibi mzaa mama. Ukitaka kuijua Fukayosi ya wakati ule anza na harufu: mihogo iliyoanikwa juu ya bati, moshi wa mkaa, na msimu wa mananasi ukifika, utamu unaochachuka mpaka nzi wanalewa. Nilikuwa nakuna nazi nimepanda mbuzi mrefu kuliko miguu yangu, bibi amesimama nyuma yangu akihesabu ni mara ngapi nimetia chicha mdomoni. Wageni wanaodhani watoto wa mashamba hawakuwa na raha hawajawahi kula kisamvu cha nazi kilicholala.

Mama yangu sikumjua. Nilikuwa na miaka miwili alipokufa, na habari yake nilipewa fupi, wala haikubadilika. Alikwenda na mdogo wake kulinda mpunga usiliwe na ndege, kila mmoja akashika upande wake wa shamba. Nyoka akamuuma. Mdogo wake hakusikia, kwa kuwa alikuwa mbali, na kazi ya kulinda mpunga yenyewe ni kupiga makelele kutwa. Akamkuta jua linazama. Watu waliponisimulia walipenda kumalizia kwamba mama yangu alikuwa mtu wa mzaha sana, hata siku zile zile za shambani alishawahi kujilaza chini akapiga ukunga, mdogo wake akaja mbio na jembe, akamkuta anacheka. Baba alikwishaoa kwingine, upande wa Vigwaza, nikawa namwona sikukuu hadi sikukuu.

Huyo mdogo wake mama ndiye aliyenilea. Baada ya arobaini alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, akarudi nikiwa na miaka saba, na sanduku moja, chupa ya chai ya maua makubwa, na Kiarabu. Posa zilikuja, akazirudisha zote. Akasema ana mtoto tayari, akininyooshea kidole mimi. Nilipougua surua alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku nane. Nilipopasuliwa kidole na kioo alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mimi nina mwili wa kunitosha kabisa, akikimbia na kuhema, na kila nilipolia, "Mama mdogo!" aliitika upesi, "Nipo, nipo, nipo," kama mtu anayeogopa kuchelewa kuitika.

Televisheni ilikuwa moja tu kwa upande wetu, kwa jirani, mke wa mwenye mashine ya kusaga. Mumewe alifunga sola na dishi, na dishi lile kwa sababu zake lenyewe liliamua kukamata vituo vya Uarabuni kuliko vya kwetu. Saa kumi na moja jioni, tukitoka chuoni kusoma Kurani, wanawake walikuwa wameshatandika mikeka sebuleni kwake, kila mmoja na ukili wake wa mkeka mkononi, maana hakuna aliyekubali kuonekana amekaa bure. Walisuka ukili macho yakiwa kwenye kioo. Mambo yakichacha ukili unaharibika, na hata leo naamini iko mikeka Fukayosi ambayo ukiitazama vizuri utaonyeshwa ni wapi kisima kiliporomoka.

Mkalimani alikuwa mama mdogo. Hakuna mwingine aliyeijua lugha ile. Mwalimu wa chuo alijua Kiarabu cha Kitabu, na walipomuuliza alijibu kwamba hicho cha kwenye televisheni ni cha sokoni, hakimhusu. Kwa hiyo kila alichosema Ami tulikisikia kwa sauti ya mama mdogo. Alikaa nyuma yangu, mimi nimekaa chini kati ya miguu yake, ananisuka twende kilioni, na sauti yake inapita juu ya kichwa changu, tulivu, ikiongea kwa niaba ya mwanamume mwenye ndevu za kijivu.

Kisa chenyewe, kama tulivyopewa, kilikuwa hivi. Ndugu wawili wanachimbua kisima kikuu cha shamba lao. Mdogo ameshuka chini, Ami ameshika kamba juu. Udongo unaanza kumomonyoka, mdogo anaita avutwe. Ami havuti. Kisima kinamfukia. Kisha Ami huyohuyo anawachukua watoto wa marehemu, anawalea, anauza ngamia wake ili binti apelekwe kwa tabibu, analala mlangoni pao, anawapikia kwa mkono wake. Na kila baada ya siku chache anarudi kisimani, anasema peke yake yale maneno: nilimsikia akiniita, nikanyamaza.

Sebule ikagawanyika. Bibi yangu alikuwa mkuu wa upande wa Ami. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alisema, na akishasema hivyo anadhani shauri limekwisha. Kwake yeye mtu aliyekosa dakika moja akalipa miaka kumi hawezi kuitwa mwovu, na hao wanaomwita hivyo wamelea watoto wangapi wasio wao? Jirani mwenye televisheni alikuwa upande wa pili. Alisema mtu hawezi kuchimba kaburi halafu akasifiwa kwa kupika pilau ya arobaini. Alisema wema wa Ami wote ni woga, na mtu mwoga akizidi wema ujue kuna kitu amekifukia. Walibishana mpaka kupigiana vijembe vya zamani, sijui nani hakurudisha ungo wa nani, mambo ya tangu enzi za bibi zao. Siku moja bibi alitoka pale hajaaga, na kutoka nyumba ya mtu bila kuaga kwetu ni kama kumtupia jiwe.

Mimi nilikuwa mkali kuwazidi wote. Nilikuwa yatima, ujue, na pale kwenye kioo palikuwa na yatima wenzangu. Nikasimama katikati ya mikeka, nina nusu ya nywele zimesimama, nikasema Ami anyongwe. Wanawake wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Alinivuta taratibu nikakaa, akaendelea kusuka, na jioni ile alinikaza nywele mpaka ngozi ya kipaji ikauma siku mbili. Nikalalamika kwa bibi. Bibi akamwambia, "We, unasuka mtoto au unafunga kuni?" Mama mdogo akaomba radhi, akanipaka mafuta ya nazi kwenye mistari ya kichwa, mstari mmoja mmoja.

Sasa nikueleze kuhusu Halbadiri, kama hukukulia pwani. Ni dua inayosomwa juu ya mtu aliyetenda dhuluma na hajulikani. Husomwa kwa tendo, kwa kuwa jina halijulikani. Msomaji hatii jina la mtu, anatia nia: aliyefanya jambo fulani, limfike. Na watu wanaiogopa kuliko polisi. Mwaka ule ule mkanda wa mashine ya kusaga uliibwa. Mwalimu wa chuo akatangaza msikitini Ijumaa mbili mfululizo kwamba ya tatu ataisoma. Hakuisoma. Alhamisi yake asubuhi mkanda ulikutwa umelala mlangoni kwa mwenye mashine, umefutwa vumbi, na juu yake amewekewa kuku mmoja mzima aliyefungwa miguu. Sisi watoto tulikwenda kumwangalia yule kuku kama watu wanaokwenda kutazama simba.

Basi jioni moja, Ami amewapeleka watoto shule kwa punda, bibi mwenyewe anatokwa machozi ya furaha, jirani akasema kwa hasira, "Huyu dawa yake Halbadiri tu." Akasema akaendelea na ukili wake. Wakubwa wana maneno ya kusema tu. Watoto hawajui kwamba kuna maneno ya kusema tu.

Tulikuwa watatu, mimi na mabinti wawili wa jirani. Tulikwenda nyuma ya migomba yao siku ya Alhamisi, tumetoka chuoni, jua bado lipo. Nilikuwa nimeiba ubani kwenye kisanduku cha bibi, mwenzangu mmoja amebeba makaa kwenye kigae. Halbadiri yenyewe hatukuijua, ni ndefu na haifundishwi watoto. Tukasoma Alhamdu, tukasoma sura fupi zote tulizofika, na pale zilipoisha tukavuma tu kwa pua kama tunavyosikia watu wazima wakivuma. Moshi ulikuwa unapanda wima. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba, na kuku waliokuwa wakiparura pale waliondoka wote kwa pamoja, bila kufukuzwa. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Nia niliitia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na uchungu zaidi. Jina refu la Ami la Kiarabu hatukulijua, na la mama yake ndiyo kabisa. Nikafanya kama mwalimu, nikasema kwa tendo: "Aliyemsikia ndugu yake akiita akanyamaza, limfike." Tukaitikia amina mara tatu. Kisha tukaogopa, tukafukia makaa, tukaenda kutazama tamthilia na mikono inanuka ubani.

Siku ya tatu mama mdogo aliamka mdomo umekwenda upande.

Alikuwa anapiga mswaki uani. Maji yakawa yanamtoka pembeni, hayazuiliki. Akageuka kumwita bibi na sauti ikatoka imepinda. Jicho la kushoto halikufumba, lilibaki wazi linatazama tu, hata anapopepesa la kulia. Bibi alipiga yowe moja, halafu akajiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Sikukiangusha. Nilikiweka chini polepole, nikaenda kujificha nyuma ya choo, na huko nilikaa mpaka adhuhuri.

Walimpeleka hospitali mjini, wakaambiwa ni mshipa wa uso, hutokea, utarudi taratibu. Bibi akaitikia kwa heshima, na walipofika nyumbani akamwita mwalimu wa chuo. Mwalimu aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, akamnywesha. Alipomaliza akauliza, bila kumtazama mtu, "Kuna dua yoyote imesomwa karibuni maeneo haya, nisiyoijua?" Bibi akasema hakuna. Mwalimu akakunja mkeka wake. Alipopita karibu yangu pale mlangoni alisimama kidogo, akanusa. Au nilidhani amenusa. Ubani ulikuwa umeshaniganda rohoni, nadhani ningeusikia hata ndani ya maji.

Sikula siku mbili. Ya tatu nikashindwa. Mama mdogo alikuwa amelala chumbani, kitambaa kibichi juu ya lile jicho, nikaingia, nikapiga magoti, nikamwambia yote, migomba, kigae, ubani wa bibi. Nikamwambia hatukumkusudia yeye. Tulimkusudia Ami, lakini Ami hayupo, Ami yuko Uarabuni ndani ya kioo, na maneno ya Ami yanatoka kinywani mwake yeye, kwa hiyo dua imekosea njia ikampata yeye mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeielewa, na sidhani kama mtoto mwingine angeielewa vingine.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kwa kiwiko.

"Mlisemaje?" akauliza. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Ile nia. Mliisemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno.

Alinitazama kwa lile jicho lisilofumba. Akalaza kichwa juu ya mto tena. "Basi imefika," akasema.

Nikaanza kulia kwa nguvu. Akanishika mkono, akaniambia sina kosa, nisimwambie bibi, na nisisome tena nisichokijua. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akaendelea kunishika mpaka nikapitiwa na usingizi palepale sakafuni.

Mdomo ulirudi baada ya miezi, si wote. Lakini ukalimani ulikwisha. Alisema sauti haimtoki vizuri, na watu wakamwonea huruma. Jirani aliendelea kuwasha, wanawake wakawa wanatazama midomo inayotembea bila maana, kila mmoja anabuni, bibi anamfanya Ami asali, jirani anamfanya atukane. Haikunoga. Watu wakapungua. Mwaka uliofuata mwenye mashine akahamia Lugoba barabarani, kwenye biashara, na dishi lake juu ya lori. Mwisho wa Ami hatukuujua. Mimi nikakua nikiamini kwamba nilimpinda mdomo mtu anayenipenda kwa sababu tu alimwazima Ami sauti yake. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimesoma, nimeolewa, nina watoto wawili, na hadi leo ubani ukifukizwa kwenye shughuli natoka nje nikisingizia joto.

Sasa unaelewa kwa nini niliondoka saluni na nusu kichwa.

Wiki iliyofuata mama mdogo alinipigia simu. Ana uvimbe tumboni, amepangiwa kupasuliwa Dar es Salaam, siku ya Jumatatu. Kama ilivyo desturi, mtu akielekea kwenye kisu hukusanya radhi za watu wake. Akaniambia, "Njoo uniage, mwanangu."

Fukayosi imebadilika, usije ukaitafuta kwa maelezo yangu. Barabara imepanuliwa, kuna maduka ya simu, watoto wanatazama vipande vya tamthilia kwenye viganja vyao, kila mmoja pembeni peke yake, hakuna anayembishia mwenziwe. Nyumba ya mwenye mashine imebaki kuta mbili na mpapai uliojiotea sebuleni, pale pale palipokuwa pakitandikwa mikeka. Bibi ametangulia mbele ya haki miaka miwili sasa, kwa imani kwamba mwanawe mmoja alikufa kwa nyoka na mwingine alikuwa mbali. Mwalimu wa chuo naye ametangulia. Jirani, nilivyoambiwa, amepoteza kumbukumbu huko Lugoba, hawatambui hata wanawe.

Nilimkuta mama mdogo uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Amekonda. Kona ya mdomo bado iko chini kidogo upande wa kushoto.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umesuka nusu?"

Nikakaa kwenye kigoda.

"Nimemwona Ami," nikasema. "Siku hizi anaongea Kiswahili. Hasemi uliyokuwa unasema."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Kulikuwa na jogoo analia mahali, na mtu anapasua kuni.

"Hakuyasema hata wakati ule," akasema.

Kisha akanieleza, macho yake kwenye ungo. Asubuhi ya siku ile ya nyoka mama yangu alimcheka mbele za wanawake kisimani, kwa kuwa mchumba wake alikuwa ameiondoa posa. Alimwigiza anavyolia. Walikwenda shambani hawasemezani. "Aliniita mara tatu," akasema. "Ya kwanza nikadhani ni mzaha wake. Ya pili nikasema moyoni, acha aite, na yeye asikie uchungu. Ya tatu nilijua. Sauti ya mtu anayetania na ya mtu anayekufa hazifanani, mwanangu. Nilijua, nikakaa. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinuka, jua lilikuwa limeshuka."

"Kwa nini ulimtia Ami maneno hayo?"

"Ningemwambia nani? Bibi yako? Angekufa. Nikasema acha watu wayasikie bila kujua ni ya nani, niwasikie watanihukumu vipi. Kila jioni nilikwenda pale kungoja hukumu. Mama yangu mzazi akanitetea hajui anamtetea nani. Wengine wakanilaani." Akatoa chuya mbili, akazitupa. "Wewe ulisema ninyongwe."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Mtoto ndiye aliyedhulumiwa."

Nilimkasirikia. Nataka niliseme hili wazi, usije ukadhani mimi ni mtu mwema. Nilitaka kuupiga ule ungo kwa mguu. Nilimwona mama yangu, ambaye sina hata picha yake, yuko ndani ya mpunga anaita, na mtu anayeweza kumwitikia amekaa. Palepale nikasikia ile sauti iliyokuwa ikihema nami mgongoni, nipo, nipo, nipo, na nikampenda kama ninavyompenda siku zote, wala upendo haukupunguza hasira hata kidogo. Inawezekana mama angekufa tu. Zahanati ilikuwa mbali, na nyoka hana subira. Nilitazama uani nikitafuta mtu wa kunisaidia kuamua, bibi na mithali zake, jirani na ukali wake, hata mwalimu na sahani yake nyeupe. Wale wote waliowahi kuketi juu ya kesi hii wameondoka, na mimi, niliyekuwa mdogo kuliko wote, ndiye niliyebaki nayo.

Akaweka ungo chini. Akakunja miguu vizuri kama mtu anayekaa mbele ya wakubwa, naye ndiye mkubwa.

"Jumatatu sijui kama nitaamka," akasema. "Niwie radhi, mwanangu."

Nilikuwa na machozi mpaka kidevuni.

"Ya kwangu nimekupa," nikasema. "Duniani na akhera. Ya mama si yangu, mama mdogo. Siwezi kukupa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, bila kushangaa.

"Najua," akasema. "Hiyo naifuata mwenyewe."

Akavuta ungo, akaurudisha mapajani, akaendelea kuchagua mchele wa chakula changu.